Baiskeli kwa Mashine ya Nyuzi

Fundi alichomoa kipande cha uzi uliokatika kwenye raketi ya binti, akakitazama karibu na dirisha, akakigeuza, kisha akakitia mfukoni.

Mama hakuuliza. Alikuwa amekalia kiti pekee kilichobaki katika karakana ile, miguu kainyoosha, viatu kavivua nusu. Siku sita za wiki alikuwa akishona sare za shule, mkasi mdogo wa kukatia nyuzi ukining'inia shingoni kwa utepe. Siku ya mapumziko yake ni Jumamosi, na Jumamosi aliamka alfajiri kumpeleka binti yake kwenye tenisi. Mabasi mawili kwenda, mawili kurudi, na katikati benchi la mbao mpaka alasiri. Nyumbani walikuwa wawili tu, hakuna wa kupokezana naye. Alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa, na hata hapo kitini alikuwa akipigana na usingizi.

Fundi, ambaye watoto wa uwanjani walimwita Babu Nyuzi, alikuwa anafunga karakana. Macho yake hayakuona tena vitundu vya raketi. Binti alipopata habari hiyo alikuja peke yake kuomba mashine kuukuu ya kusukia nyuzi, na kwa kuwa hakuwa na kitu kingine, alitoa baiskeli yake. Tayari ilikuwa imeegemezwa ukutani nje, imeoshwa hadi spoki.

"Una hakika, mwanangu?" fundi akauliza. "Baiskeli ikienda imekwenda."

"Nina hakika, babu. Sitaki kukosa tena."

Mara tatu mwaka huo aliamka Jumamosi akakuta nyuzi zimekatika. Raketi alikuwa nayo moja, na karakana haifunguliwi hadi Jumatatu. Mama alikuwa akimwambia, "Basi tena, mwanangu, turudi tukalale," na binti alikuwa akirudi kitandani na viatu vyake vya michezo, akilia chini ya shuka. Kocha alikuwa ameshatoa neno la mwisho: akikosa mara moja zaidi, nafasi yake katika timu inakwenda kwa mwingine. Leo ilikuwa Alhamisi.

Mashine ilikuwa ya chuma, nzito, rangi imebanduka. Fundi aliibana raketi, akapitisha uzi, akaachia mkono wa mashine wenye jiwe la uzito ushuke taratibu mpaka ulale sawa.

"Ukilala sawa, uzi umevutika ipasavyo. Usiusukume. Wenye haraka wote raketi zao zinalia kama debe."

Binti akacheka. Alisuka nyuzi mbili mwenyewe, ulimi nje, na fundi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alipotaka kupunguza ncha, koleo lake lilikuwa limeshafungiwa kwenye boksi.

"Mama, mkasi wako," binti akasema.

Mama akauvua shingoni, akampa fundi bila kumtazama mtu.

Kisha fundi na binti wakatoka kuangalia breki za baiskeli. Walikaa huko nje muda ambao breki mbili haziwezi kuumaliza. Fundi akarudi peke yake, akaurudisha mkasi, akatoa kile kipande cha uzi mfukoni.

"Mama, uniwie radhi. Uzi ukikatwa na mpira, unakatikia katikati, na kwanza unachakaa, unatoa manyoya. Huu umekatikia pembeni, ncha safi. Na wa mara iliyopita vilevile, na wa kabla yake."

"Unasema nini, fundi?"

"Nasema umekatwa. Nilikuwa nanyamaza, mteja ni mteja. Lakini leo namaliza kazi, nikaona nisiondoke na jambo hili moyoni. Nimemuuliza mtoto. Amekubali. Ni yeye."

Aibu ilimpanda Mama mpaka masikioni.

"Amesema mwenyewe?"

"Hata hakuzunguka. Usimchape, tafadhali. Watoto wanachoka, wanaogopa kusema. Nimemwambia achukue baiskeli yake, aache mchezo kwa amani, mimi sitanuna. Amekataa katakata. Anataka mashine." Fundi akajikuna kidevu. "Watoto wa siku hizi siwaelewi."

Mama na binti waliibeba mashine, mmoja upande huu na mmoja upande ule, wakipumzika kila kona. Mara mbili mama alifungua mdomo, na mara mbili akasema tu, "Tuitue kidogo." Mikono ilimuuma, lakini si hiyo iliyokuwa ikimsumbua.

Nyumbani binti aliiweka mezani kando ya cherehani, akafuta vumbi, akaibana raketi yake. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda na viatu vyake miguuni. Jua la jioni lilikuwa bado dirishani. Mkono wa mashine ulishuka, ukalala sawa, ukainuliwa, ukashuka tena.

"Fundi kaniambia ulichomjibu," mama akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Kwa nini ulimwambia ni wewe?"

Binti hakugeuka. Alifunga fundo la mwisho, akalikaza kwa kidole gumba kama alivyofundishwa.

"Nyumbani tuko wawili tu, Mama. Ningekataa, angebaki nani?"

Kisha akanyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, akisubiri mkasi.