Teke la Ijumaa

Ijumaa hiyo hakuna aliyeupiga teke mlango wa Chujio.

Mwenyewe alikaa akilisubiri teke hilo. Chai ilikuwa imepoa, na kila kishindo cha kiatu koridoni kilimwinua kichwa. Barafu, rafiki yake wa siku nyingi, hakuwa mtu wa kukosa Ijumaa. Alikuwa akitoka kwenye maghala ya baridi, upande wa pili wa mji, glavu zake nene mikononi, na kwa kuwa glavu zile hazishiki kitasa, mlango ulikula teke.

Chujio si jina alilopewa na mama yake. Walimbandika watu wa idara, maana kila ombi la mfumo mpya katika kampuni ile ya kuhifadhi nyama na samaki lilianzia kwake. Wahasibu wanataka programu, madereva wanataka programu, hata wapishi wa kantini. Waandishi wa programu wenyewe wawili tu, na mmoja ana mtoto mchanga nyumbani. Lazima awepo mtu wa kusema hapana kabla kazi haijaanza.

Chujio alisema hapana kwa njia aliyoibuni mwenyewe na aliyojivunia: alinyamaza. Ombi likija, haligusi. Mwenye haja ya kweli atarudi, atapiga kelele, atagombana. Ijumaa ikipita hajarudi, ombi linafutwa. Mtoto asiyelia, alizoea kusema, ameshiba.

Wakubwa, bila shaka, hawana haja ya kulia. Wao wana simu.

Safari hii yalibaki maombi mawili, na nafasi ni moja. Mkurugenzi alitaka programu ya kuendesha skrini kubwa iliyotundikwa ukumbini, iwe inawapa wafanyakazi salamu na matangazo yake. Barafu alitaka kitufe ndani ya chumba cha baridi, kikibonyezwa kitume ujumbe kwenye simu ya mlinzi wa geti.

Ijumaa iliyotangulia, mlango ulipigwa hadi bawaba zikalia.

"Mheshimiwa Chujio! Umeshaninyamazia vya kutosha?"

"Kaa kwanza, ndugu yangu."

"Sikai. Kile kitasa cha ndani kinakwama vilevile. Zamani tulikuwa wawili kwa zamu, mmoja ndani, mmoja mlangoni. Sasa mmepunguza watu, niko peke yangu. Au umesahau nani alikufungulia?"

Chujio hakusahau. Walianza kazi siku moja, wote wachukuzi wa makasha. Mlango uleule ulimfungia ndani. Aligonga hadi vidole vikafa ganzi, na aliyekuja kufungua ni Barafu, akicheka, akimwita samaki kibua. Kisha Chujio akajifunza kompyuta, akapandishwa ghorofani. Na huko ghorofani, kama tujuavyo sisi tuliobaki chini, joto lina tabia ya kusahaulisha.

"Nitaliangalia," alisema.

"Usiliangalie. Lipitishe. Maana ukinikosa kwenye simu ujue niko ndani, kuta zile za chuma hazipitishi mtandao. Sasa siku nikikwama nitakuita kwa nini, kwa baragumu?"

Walicheka wote wawili. Barafu aliufunga mlango kwa kisigino.

Na leo kimya. Simu ya mezani ililia, ni mkurugenzi.

"Bado unachuja tu? Jumatatu nataka ile skrini izinduliwe."

"Nipe hadi jioni, mkuu."

Chujio hakuwa na desturi ya kumtafuta mwombaji. Siku hiyo aliivunja desturi, akampigia Barafu. Haipatikani. Akangoja, akapiga tena. Haipatikani.

"Yuko ndani," alijiambia. "Anachapa kazi."

Jioni alipiga mara ya mwisho, jibu likawa lilelile. Katibu muhtasi, mama wa makamo aliyekuwa akifunga kabati, alimtazama juu ya miwani.

"Kimya kingi kina mshindo, mwanangu."

"Huyu mimi namjua, mama. Amechoka kugombana, amekata tamaa. Kanuni ni kanuni."

Akalifuta ombi la kitufe, akapitisha la skrini. Alijua Barafu akipata habari atapiga simu na kumtukana hadi babu zake, hivyo akaizima simu yake, na hakuiwasha hadi Jumatatu. Waandishi wa programu wakalala ofisini mwisho wa wiki mzima ili mkubwa apate salamu zake.

Jumatatu ukumbi ulijaa. Chujio aliweka koti lake kwenye kiti cha jirani kumshikia Barafu nafasi. Maneno alikuwa ameyapanga: awamu ijayo, kaka, naapa, kitufe chako ndicho cha kwanza.

Watu wa maghala waliingia kwa pamoja, vichwa chini. Hakuna aliyemsalimu. Mama mmoja mpanga makasha alikitazama kile kiti, akamtazama Chujio, akataka kusema neno, akapita.

Wamenuna, Chujio akawaza. Kumbe habari ya kitufe imeshawafikia.

Mkurugenzi alipita kati ya safu za viti na kumgusa bega.

"Umefanya la maana kuipitisha mapema. Imewahi siku yenyewe hasa."

Taa zikazimwa. Chujio aligeuka kutazama mlango, mkono juu ya koti, maana Barafu kwa kuchelewa hakuwa na mpinzani. Nyuma yake mama mmoja akaanza kulia.

Akageukia mbele. Barafu alikuwa amejaa skrini nzima, glavu mikononi, anacheka, na chini yake maneno yalikuwa yakipita taratibu: *Tulikupoteza Ijumaa, ukiwa kazini. Kampuni yako haitakusahau.*