Mutoto wa Kapinga

Tabu alipiga kelele, akaung'ang'ania mlango wa gardienne, shule ya watoto wadogo, kwa mikono miwili. Wenzake wote walimgeukia. Macho ya Mama Bertille, mwalimu wao, yalikuwa kwa mwanamke aliyemleta.

Ndiye yeye. Kapinga, mke wa Ngoy, karani wa biro ya bandari. Ngoy alimfukuza Bertille, mke wake wa kwanza, akamwoa huyu, wakahamia Manono. Sasa walikuwa wamerudi Kalemie, na Kapinga alionekana hamjui aliye mbele yake.

"Mama, mutoto wangu anaogopa watu," alisema. "Nifanye nini?"

"Umuage, uende. Usigeuke nyuma."

Pale pale Bertille akajua atakavyomlipa. Mtoto hatapigwa. Ataibiwa moyo, mama yake abaki anatazama.

Akaanza kazi. Tabu akilia, Bertille alimbeba mgongoni, akazunguka naye uani huku wengine wakiimba mbele ya bendera. Alimlisha muhogo wa kuchemsha kwa mkono wake. Akisinzia, alimlaza juu ya kitenge chake mwenyewe. Kilio kikapungua, kikawa kwikwi, kikaisha. Na kila Kapinga alipouliza mtoto anaendeleaje, Bertille alijibu kwa upole, "Anazoea, Mama," huku rohoni anacheka.

Ikafika adhuhuri aliyoingoja. Kapinga alipokuja kumchukua, Tabu alikimbilia nyuma ya Bertille, akamshika kiuno.

"Sitaki! Nabaki na Mama!"

Bertille akangoja machozi ya Kapinga. Hayakuja.

"Hulii?" akafoka. "Miye nililia! Nilipasuliwa hospitali, kuamka naambiwa mutoto amekufa, wamekwisha kumuzika. Kufika nyumbani, Ngoy ametupa nguo zangu nje. Na wewe ulikuwa ndani! Leo na wewe uonje!"

Kapinga aliweka chini furushi alilokuja nalo. Zilikuwa nguo za Tabu, zote, zimefuliwa na kukunjwa.

"Kesho Ngoy analeta bibi mwingine," alisema. "Miye nashika treni leo, narudi kwetu Kabalo. Akute nyumba tupu, alie yeye."

Akainama, akambusu Tabu kichwani.

"Miye sijazaa hata siku moja, Mama Bertille. Huyu ni wako, hakufa; Ngoy aliniletea toka hospitali. Nilitaka akuzoee kwanza."