Mkasi wa Kumkatia Wifi

Mama alianza na sikio la kushoto la wifi yake. Alilizunguka taratibu kwa kipanya cha kompyuta, ulimi kaubana kwenye kona ya mdomo, kama mtu anayemenya yai la moto. Alipofika chini ya kidevu mkono ukateleza, na nusu ya shingo ikabaki nje ya mstari.

"Aa, wifi. Hata humu hutulii," akasema, akabonyeza kitufe cha kutendua, kile kinachofuta kosa. Shingo ikarudi.

Nyuma yake, binti yake, karani wa posta, alikuwa anakunja nguo kwenye kochi. Akaacha kukunja. Uso wa shangazi ulijaa skrini nzima, umenuna, na mstari wa vitone unauzunguka.

"Mama, unamkata shangazi?"

"Namkata."

"Kwenye albamu ya familia?"

"Ulitaka nimkatie kwenye mkeka? Kunja nguo, wewe."

Ndipo binti alipoelewa kwa nini programu mbili za kwanza hazikufaa. Miezi mitatu nyuma mama alitaka kujifunza kutengeneza albamu kwa kompyuta: unaingiza picha za zamani, unazipanga kwenye kurasa, unapamba kwa maua na maandishi, kisha dukani wanakuchapia kitabu. Binti akamwekea programu yenye maua ya kila aina. Mama akaisoma wiki mbili, kila hatua akiiandika kwenye daftari: bofya hapa, vuta pale, hiki usikiguse kabisa. Mwisho akasema, "Hii ya kujipodoa tu. Haina mkasi." Ya pili ilikuwa na mkasi, lakini ulikata mraba tu, kila mtu alitoka kama yumo ndani ya kiberiti.

Ya tatu ndiyo hii. Ngumu, lakini hufuata ukingo wa mtu mpaka unywele wa mwisho. Mama hakuwa na haraka. Alikata birika, akakata kiatu, akamkata paka wa jirani mara saba mpaka masharubu yakatoka mazima. Binti alifurahi kwamba mama kapata kitu cha kumchangamsha. Kumbe alikuwa ananoa.

Maana shangazi hakuwa amekanyaga nyumba hii tangu sherehe ya mjukuu kumaliza chuo. Siku hiyo ilitolewa albamu ya zamani, ile yenye jalada la plastiki, ikapita mkono kwa mkono, watu wakacheka nywele na suruali za enzi hizo. Shangazi aliipitia ukurasa kwa ukurasa mpaka wa mwisho, akaifunga. "Albamu yenu nzuri," akasema, akachukua mkoba wake. Tangu hapo simu hapokei. Jumapili, siku aliyozoea kuja kumchokoza mama kutwa nzima, mama hula kimya, na chumvi huisahau.

"Mama, mtu akinuna hubembelezwa. Hakatwi."

"Wewe hujui. Miaka arobaini ananiamrisha mtu huyu. Sogea huku. Inua kidevu. Usifumbe macho. Mimi mke wa kaka yake, si askari wake." Mama akaingia kwenye sikio la kulia. "Sasa na mimi namweka ninapotaka."

"Akiona hiyo albamu hatarudi tena humu."

Kipanya kikasimama. Mama akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya gauni.

"Hapo umesema kweli," akasema polepole. "Ama atarudi, ama ndiyo basi. Na picha yake ninayo hii moja tu."

Binti akarudi kwenye nguo zake. Picha nyingine zote za shangazi, basi, zilikwishapita mkasini.

Albamu ilipotoka dukani, mama hakumwonyesha mtu. Alimtumia wifi yake ujumbe mmoja: "Njoo uone nilivyokufanya." Hakuna wifi duniani anayeweza kuusoma ujumbe kama huo akabaki nyumbani.

Jumapili shangazi akaja, mkoba kaubana kwapani. Hakukaa mpaka alipoambiwa mara mbili.

"Nasikia siku hizi wewe fundi wa kompyuta, wifi."

"Fundi hasa."

"Na uzi kwenye sindano bado unatungiwa?"

"Natungiwa. Kaa uone."

Mama akamwekea albamu mapajani, kisha akaenda kusimama dirishani, mgongo kawapa. Binti aliiona mikono ya mama ikifinyangana nyuma, vidole vikitafutana. Yeye binti, maneno ya kuombea radhi alikuwa ameyapanga tangu asubuhi, akayashika tayari mdomoni.

Shangazi akafungua ukurasa wa kwanza. Akakaa nao. Akafungua wa pili, akarudi wa kwanza, akaenda wa tatu. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Shangazi, usimsikilize mama, uzee tu huo, hakukusudia…"

"Hebu nyamaza, mwanangu." Shangazi alikuwa kaziba mdomo kwa kiganja, na machozi yanapita juu ya vidole. "Wifi. Hapa umenipandisha juu kuliko bwana harusi."

"Ulijifanya bosi," mama akajibu, bado kaangalia dirisha. "Nikakupa cheo."

Binti akasogea, akachungulia juu ya bega la shangazi. Harusini, siku ya kwanza ya shule, siku kuku walipoingia sebuleni, kila mahali, kati ya watu waliokuwa vijana, alichomoza shangazi, kichwa na mabega, na uso ule ule wa miaka sabini, ulionuna, uliokatwa kutoka picha ya kitambulisho chake bila kupunguzwa hata sikio. Alikuwamo katika picha zote sitini na mbili, ambazo kila moja alikuwa ameipiga yeye mwenyewe.