Moto wa Nyuma

Padri Willibald aliliona lile shati likija njiani, akajua asubuhi yake imeharibika. Kifuani palichapwa ngao ya kijani, na ndani ya ngao alisimama chui mweupe mwenye pembe. Chui huyo alitema moto kwa mdomo na kujamba mwingine kwa nyuma.

“Mungu akusalimu, Padri! Lako nimekuwekea, saizi kubwa,” alisema Ferdl Krainz, kamanda wa zimamoto ya kujitolea ya Kirchwinkel.

“Vaa wewe, kamanda. Ndiwe unayefanana naye, na si upande wa mbele.”

Chui alinakiliwa kutoka ukutani mwa kikanisa cha kijiji. Ni nembo ya jimbo la Steiermark tangu enzi za kati, ingawa alikotoka kunabishaniwa mpaka leo. Vitabu vya kale vilidai chui hutoa pumzi yenye harufu tamu. Padri alishikilia kwamba wachoraji, kwa kushindwa kuchora harufu, walichora moto. Ferdl alishikilia kwamba mnyama alikuwa akiwaka kila tundu, basi. Karibu miaka mia iliyopita wakubwa wa jimbo waliamua kwa sheria kwamba moto utoke mdomoni tu. Kijijini walisema chui wa Kirchwinkel hakupata habari hiyo, akaendelea kuwaka ncha zote mbili.

Hakuna aliyemjali mpaka vijana wa zimamoto walipomfufua. Sasa alikuwa kwenye mashati, kwenye chupa za mvinyo, hata kwenye mlango wa gari lao. Na Jumapili Askofu alikuwa anakuja kubariki kikanisa kilichokarabatiwa. Askofu alikuwa anatafuta paroko wa kanisa kubwa la hija, na Willibald alikuwa akiitamani nafasi hiyo mpaka usingizini.

Ndiyo maana aliwaita Ferdl na Daktari Hedwig Zach, mtaalamu wa michoro ya kale kutoka Graz, wakaketi mezani kwa muuza mvinyo.

“Ule moto wa nyuma ni uhuni wa mtu wa juzijuzi,” alisema Padri.

“Wewe ulikuwepo?” aliuliza Ferdl.

“Daktari atapima. Rangi ya kale ibaki, iliyoongezwa baadaye ikwanguliwe. Na asije mtu hapa kulialia.”

“Yoyote iliyoongezwa?” aliuliza Hedwig.

“Yoyote.”

Ferdl alijifuta mafuta ya mbegu za maboga mkononi, wakapeana mikono. Padri akaongeza sharti lake: mpaka Jumapili, asiingie mtu nyuma ya turubai lililofunika mchoro isipokuwa Daktari. Aliwajua vijana wa Ferdl na makopo yao ya rangi.

Alhamisi Hedwig alibisha hodi kwa Padri, nyusi zimejaa vumbi la chokaa.

“Njoo uone kabla sijakwangua.”

“Kuna kilichoongezwa?”

“Kipo. Hakina hata miaka mia.”

Willibald nusura ambusu. “Basi kwangua.”

“Ningependa uone kwanza, Padri.”

“Nikiingia, Ferdl atasema nimekuongoza mkono. Neno langu ni lile lile. Kwangua!”

Hedwig alimtazama kidogo, kama mtu anayesoma kibandiko cha dawa, kisha akaenda zake.

Jioni hiyo Padri alikihamisha kiti cha Askofu. Kilikuwa kimewekwa karibu na mlango. Akakisogeza hadi ukutani, chini ya mkia wa chui. Hapo ukuta ungekuwa mtupu na safi, na mpiga picha wa gazeti la dayosisi angepata picha nzuri.

Jumapili bendi ilipiga, zimamoto wakajipanga wakiwa na sare. Ferdl alikuwa amenuna, na ukosi wa kijani wa lile shati ulichungulia chini ya koti lake.

“Umekuja na huyo mnyama wako?” Padri alimnong’oneza.

“Nimemvaa kwa maombolezo.”

Askofu aliketi. Padri Willibald alishika kamba ya turubai, akakohoa kusafisha koo.

“Baba Askofu, wapendwa,” alisema, “mkono fulani usio na heshima ulimchafua chui wetu. Leo tunamrudisha kama mababu zetu walivyomchora, wala hatumwonei aibu. Mimi mwenyewe ndiye niliyeamuru.”

Ferdl aliinamisha kichwa. Mpiga picha akainua kamera. Padri akavuta kamba.

Chui alisimama kwa miguu ya nyuma, mdomo ameufumba, ametulia kama muumini anayesikiliza mahubiri. Moto ulikuwa mmoja tu, na ncha yake iliishia juu kidogo ya kofia ya Askofu.