Ukuta wa Hondohondo

Hondohondo alimziba mkewe kwa udongo ndani ya shimo la mti, akaacha ufa wa kupitishia tunda.

"Nje kuna nyoka, mke wangu," alisema.

Chiriku jirani alimwonea wivu. "Shoga, una bahati! Unaletewa kila kitu."

"Mwezi wa tatu huu sijauona uso wa mume wangu," alijibu mke. "Naona mdomo tu."

Siku moja uvumilivu ulimwisha. Aliubomoa ukuta, akatoka, akamwita bintiye aliyeanguliwa mle shimoni: "Njoo, mwanangu, turuke!"

Binti hakusogea. Aliokota udongo ulioangukia ndani, akaanza kuziba.

"Nje kuna nyoka, Mama."

Kesho yake mama alileta tunda. Kule ndani, bintiye aliona mdomo tu.