Kasiksi ya Kina Kamate

Élise alionja funda moja tu, akaanza kulia katikati ya soko la Bunia.

"Mama, iko mbaya?" aliuliza Arlette, muuza pombe, akiwahi kikombe chake kisidondoke.

Haikuwa mbaya. Ilikuwa kasiksi ya kina Kamate, pombe ya ndizi ya ukoo wa mumewe. Hakuwa ameionja tangu vita vilipowafukuza Irumu. Risasi zilipolia njiani, yeye alikimbilia upande huu, Kamate na binti yao Gentille upande ule. Tangu hapo, kimya. Kambini kwa wakimbizi wenzake walimshauri akae matanga, yaishe. Aliwatukana.

Siri ya mtungi aijuaye kata, husema watu. Ya mtungi huu hata kata haikuijua. Ndizi zilikamuliwa mbele ya wote, lakini majani ya mwisho Kamate aliyatia peke yake, mlango umefungwa. Babu yake, akikata roho, alimnong'onezea baba yake, na baba akamnong'onezea Kamate vivyo hivyo. Mke hakuhesabiwa. Miaka yote ya ndoa Élise alisimama nje ya mlango ule, na jambo hilo lilimuudhi mpaka leo.

Gentille naye hakuchoka kumchokoza baba yake. "Papa, niambie basi!"

"Haraka ya nini, mutoto? Unataka nikufe?" Kamate alikuwa akicheka hadi akohoe.

Élise alifuta machozi kwa kanga. "Nani anatengeneza hii?"

"Siye tunaletewaka tu, mama." Arlette aligonga madumu ya plastiki kando yake. "Bidoni hizi zinatoka mtaa wa Rwambuzi, nyuma ya kanisa."

Alikimbia. Mzee yule mbishi, kumbe yuko hai! Njiani alipanga matusi atakayompa kwanza, kwa kumwacha alie miezi yote hiyo, kabla ya kumkumbatia.

Nyuma ya kanisa kulinuka ndizi mbivu. Mlango wa kibanda ulikuwa umefungwa, kama enzi zile. Élise alicheka kwa sauti. Leo hasubiri nje, alijiambia, akausukuma bila hodi.

Aliyeinama juu ya mtungi, peke yake, alikuwa Gentille.

"Mama!" binti alipiga kelele. Kisha, bila kufikiri, akaficha majani nyuma ya mgongo.