Nyota Moja ya Konokono

Hii si ya hapo kale, ni ya juzi tu. Buibui alitunga mchezo wa simu wa kukamata nzi. Mteja wa kwanza, Konokono, akaupa nyota moja na kuandika: "Nzi gani hawa, wana mbio kama wezi!" Wengine waliposoma, wakapita zao.

"Mke wangu, duka linafungwa," Buibui akalia. "Niwapunguze mbio hao nzi?"

"Kwani kalalamika nani?"

"Konokono."

"Basi jina lake liandike kubwa, walione."

Mjusi akaliona, akacheka. "Konokono naye wa kukimbiza nzi?" Akanunua, ukoo mzima ukamfuata.

Kesho yake Mjusi akaandika: "Nzi wazito. Nyota moja."

Buibui akachekelea. "Huyu naye nimwandike kubwa?"

"Wee! Huyo anawajua nzi. Kaa chini utengeneze."